Kulala Mji wa Kale Mombasa kwa mfuko mwembamba: mwongozo kwa mtu wa Nairobi

Kila Desemba napigiwa simu ileile. Mtu yuko Umoja au Rongai, ameshakata tiketi ya treni, sasa ndiyo anauliza: "Nitalala wapi Mombasa, na hela za hoteli ya ufuoni sina?" Humwambia alale Mji wa Kale, kwenye gesti ndogo, kisha tunakaa kwenye simu nusu saa nikimweleza atakachopata huko na asichokitarajie. Nimechoka kurudia. Nimeyaandika hapa.

Kwanza: jua unakwenda kulala wapi

Mombasa ni kisiwa. Ukiingia kwa basi kupitia Makupa hulioni hilo, unaona malori na foleni tu, lakini maji yameuzunguka mji pande zote. Hoteli zile za kwenye picha, zenye mchanga mweupe na minazi, karibu zote ziko nje ya kisiwa: Nyali na Bamburi ni ng'ambo ya daraja la Nyali, Diani ni ng'ambo ya feri ya Likoni. Mji wa Kale uko upande wa mashariki wa kisiwa, umetazamana na bandari ya kale walikokuwa wakitia nanga mabaharia wa majahazi waliosukumwa na pepo za kaskazi na kusi. Ufuo wa kuogelea hakuna. Kuna ukuta, ngazi za mawe, mashua na bahari ya kutazama. Anayetaka kuamka akanyage mchanga akalale Bamburi, na tusilaumiane.

Unachonunua Mji wa Kale ni mtaa. Gesti nyingi za huko zilikuwa nyumba za familia, na majirani bado ni familia. Kuta zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, dari limebebwa na boriti za mikoko. Boriti hizo huwa na urefu wa kama mita 2 na nusu hadi 3 hivi, basi hata chumba cha nyumba ya kitajiri hakikuweza kuwa kipana kuliko mti wake. Ukiona picha ya chumba chembamba kama behewa, kitanda kimegusa kuta mbili, usidhani mwenye gesti anakupunja. Fundi alipimiwa na mti.

Pili: msimu

Hapa nitapita haraka. Desemba na Pasaka bei hupanda na Nairobi nzima iko huko. Februari na Machi ni joto la kukaangwa. Ukienda, feni isiyofanya kazi ni sababu tosha ya kuhama. Mvua za masika huanza kati ya Machi na Aprili, na Mei ndiyo mwezi wa kushinda ndani ukisikiliza mabati. Mimi hupenda Agosti na Septemba, kusi bado inavuma na usiku unalala vizuri.

Ramadhani ni jambo la kufikiria peke yake. Mchana hoteli nyingi za chakula mtaani humo hufungwa, na kula barabarani mbele ya watu waliofunga si adabu. Lakini magharibi ikiadhiniwa mtaa unageuka sherehe: kaimati, viazi karai, sambusa, tambi za sukari, uji wa mtama. Kama unaweza kuvumilia mchana wa biskuti chumbani, usiku utakulipa.

Tatu: piga simu, usiangalie picha tu

Miaka michache iliyopita niliona tangazo la chumba chenye dirisha linalotazama maji, bei ya kutupa. Nikaambiwa vyumba vinaisha, nitume shilingi 2,000 za kushikia. Nikatuma kwa namba ya mtu binafsi. Nilipofika, nyumba ya kwenye picha ilikuwepo kweli, ila wenyewe walikuwa familia iliyokuwa ikila chakula cha mchana, na hawajawahi kukodisha hata ngazi. Walinipa maji baridi na pole. Zile 2,000 hazikuonekana tena.

Tangu siku hiyo nina utaratibu. Napiga simu mchana, wakati wa kazi, na nauliza gesti iko karibu na msikiti gani au duka gani. Mtu wa kweli anajibu bila kufikiri: "Ukitoka Ngomeni, shika Ndia Kuu, upite msikiti wa Mandhry..." Tapeli anakwambia "nitakutumia lokesheni". Ngomeni ni Fort Jesus, na Ndia Kuu ni njia kuu kwa Kimvita, Kiswahili cha Mombasa. Ukiyajua hayo mawili huwezi kupotea kabisa. Kama lazima utume pesa ya kushikia, tuma ya usiku mmoja tu, kwa namba ya tili yenye jina la biashara, si kwa namba ya binamu yake mwenye gesti.

Kwenye simu hiyohiyo uliza bei ni ya chumba au ya mtu. Gesti nyingi huhesabu kwa kichwa, na wawili mkifika mnashangaa. Uliza kama chai ya asubuhi imo. Uliza choo ni cha ndani au cha kushirikiana. Mimi hupanga shilingi 1,500 hadi 3,000 kwa usiku. Nikitajiwa chini ya hapo, nauliza maswali ya maji mara mbili.

Kama mnakwenda wawili, mume na mke au wachumba, semeni mapema. Baadhi ya gesti za Mji wa Kale hazipokei wanaume na wanawake wasiooana katika chumba kimoja, wengine huuliza cheti. Ni nyumba ya mtu, katika mtaa wa Waislamu. Kubishana saa sita usiku mkiwa na mabegi hakutawasaidia. Pombe nayo vivyo hivyo. Anayetaka bia aifuate mjini kwenye baa, asiipandishe chumbani kwenye mfuko mweusi akidhani hakuna anayeona. Mtaa ule wanaona.

Nne: safari, na lile tatizo la kufika alfajiri

Treni ya SGR ilianza kubeba abiria mwaka 2017, na tangu Januari 2024 nauli ya daraja la kawaida Nairobi hadi Mombasa ni shilingi 1,500. Hukatwa kwa simu kwa kubonyeza *639#, au mtandaoni. Stesheni ya Nairobi iko Syokimau, ile ya Mombasa iko Miritini, na zote mbili ziko mbali na mji. Fika saa nzima kabla ya treni kuondoka. Kuna ukaguzi mwingi, na mabegi hupangwa chini kwenye mstari yakanuswe na mbwa, watu wamesimama kando wakitazama mbwa kama wanangojea matokeo ya mtihani. Beba kitambulisho kilekile ulichokatia tiketi.

Treni ya asubuhi, ya saa mbili, ndiyo ninayoipendekeza kwa anayekwenda mara ya kwanza. Inapita katikati ya Tsavo mchana, na ukikaa dirishani utaona ndovu wekundu kwa udongo wa huko. Ya saa tisa alasiri nayo nzuri. Ya saa nne usiku inakufikisha Miritini alfajiri ya giza, na mabasi ya usiku nayo hukumwaga Mwembe Tayari kabla jua halijachomoza. Hapo ndipo watu wa bara hulipa usiku mzima kwa kulala masaa manne. Usilipe. Mweleze mwenye gesti tangu mwanzo: "Nitafika saa kumi na moja alfajiri, naomba niache begi na nikae barazani, chumba nitaingia kikiwa tayari." Wengi hukubali. Ukiwa na bahati chumba kilikuwa wazi na unapewa bila nyongeza.

Toka Miritini kuna matatu za kwenda mjini, na teksi za programu ya simu. Ukifika mjini, panda tuktuk hadi Ngomeni na upatane bei kabla ya kukalia kiti. Vichochoro vya ndani havipitiki kwa gari, kwa hiyo njoo na begi la mgongoni. Sanduku la magurudumu kwenye vile vijiwe litakuaibisha.

Tano: ona chumba kabla ya pesa

Hatua hii ndiyo yenye kazi. Mtu wa Nairobi akionyeshwa chumba hutazama kitanda na televisheni, akasema sawa. Kitanda utakilalia tu. Televisheni hutaiwasha. Kuna vitu vitatu vya kupima, na hakuna atakayekukasirikia ukivipima.

Cha kwanza ni maji. Kisiwa hakina mto. Maji ya mfereji yanatoka mbali, Mzima Springs, Baricho, Marere, na hayaji kila siku. Katikati ya siku hizo nyumba hutegemea tengi, kisima, au wale vijana wa mikokoteni yenye mitungi ya lita 20. Kisima cha kisiwani kina chumvi. Fungua mfereji wa bafuni, acha uteremke kidogo, kisha chukua sabuni ya mkono. Ikitoa povu haraka, hayo ni ya mfereji au ya kununua. Ikiteleza tu mkononi kama jiwe la mtoni, povu hakuna, umeoga chumvi. Siku moja nilikuwa nimeinama hivyo, nasugua, mzee mlinzi wa nyumba akasimama mlangoni na kofia yake ya vito, akanitazama mpaka nikamaliza.

"Mwanangu, hayo ni ya kuoga. Ya kunywa yako kwenye mtungi ule, juu."

"Asante, babu. Na ya tengi yanatosha mpaka kesho?"

Akacheka. "Wewe umeshawahi kulala Mombasa."

Chumba chenye maji ya chumvi si kibaya, mradi ukijue. Ongeza sabuni, beba mafuta ya ngozi, na nywele zako zisamehe. Kilicho kibaya ni kuahidiwa maji na kukuta ndoo kavu. Uliza tengi lina ukubwa gani, na ukikuta ndoo na kopo bafuni usikunje uso. Hiyo ni akiba, na siku ya tatu utaishukuru.

Cha pili ni hewa. Washa feni mpaka mwisho na uisubiri dakika nzima. Feni nyingi huanza kwa mbwembwe kisha zinatikisika na kupunguza mwendo, au zinapiga kelele ya bati ambayo mchana huisikii na saa nane ya usiku unaisikia peke yake. Fungua dirisha. Tazama kama upepo unapita, yaani kama kuna tundu upande wa pili, mlango wa ua wa ndani au dirisha la ukumbini, maana upepo usio na pa kutokea hauingii. Chumba cha juu kinachotazama bandari ya kale ndicho bora, hata ngazi zikiwa kali. Chumba cha chini cha ndani kabisa huwa na baridi tamu mchana, ila nusa godoro na mto. Harufu ya ukungu haitoki kwa kupulizia manukato.

Mashine ya kupoza hewa huongeza bei, na sababu ni stima: mita ni ya tokeni, na mashine ile inazila kama mbuzi aliyeachiwa shamba. Kuna gesti huizima mchana, au hukupa rimoti ya usiku tu. Uliza. Mimi nachukua chumba cha feni na tofauti ya bei naila biriani.

Cha tatu ni neti. Pwani kuna malaria, na sisi tunaolala Nairobi hatuna kinga nayo. Ifungue neti yote, itazame kwenye mwanga kama imetoboka, na hakikisha inafika chini ya godoro pande zote. Tundu dogo funga kwa fundo la uzi. Kama unakwenda na mtoto au mjamzito, pita kwa daktari kabla ya safari.

Halafu kufuli: ifunge na kuifungua mwenyewe ukiwa ndani na ukiwa nje. Milango ya zamani imevimba kwa chumvi, mingine inahitaji kuinuliwa kidogo kwa goti ndipo ufunguo uzunguke. Afadhali uijue mbinu hiyo mchana.

Chumba kikikufaa, lipa, chukua risiti, andika jina lako kwenye kitabu cha wageni. Kitambulisho wakikiangalia na kunakili namba, sawa. Wakitaka kubaki nacho, omba wakipige picha. Kitambulisho chako kikae mfukoni mwako.

Sita: kusema na watu

Hili halimo kwenye mwongozo wowote na ndilo linaloamua utahudumiwaje. Kiswahili cha Nairobi ni cha haraka: "Nipe chai. Lete maji. Ni ngapi?" Mombasa hicho ni kipigo. Anza na salamu, ingoje ijibiwe, kisha omba: "Sabalkheri, mama. Naomba chai, tafadhali." Utacheleweshwa sekunde kumi, na utaletewa chai ya moto badala ya ile ya kwenye chupa tangu alfajiri. Ukipita wazee barazani, salimu, hata huwajui. Siku ya pili watakuwa wanakujua, na mtu akikufuata kichochoroni kuna watakaouliza anakwenda wapi.

Funika mabega na magoti. Leso moja begini inatosha. Usipige watu picha bila ruhusa, wanawake hasa. Kwenye feri ya Likoni, ambayo anayetembea kwa miguu huvuka bure, kamera usiitoe kabisa, hairuhusiwi.

Adhana ya alfajiri itakuamsha. Misikiti ni mingi na iko karibu. Omba chumba kisichopakana na spika kama usingizi wako mwepesi, lakini kulalamika asubuhi ni kulalamikia jua. Mimi huamka, napanda juu ya paa kunakoanikwa nguo, natazama anga likipambazuka upande wa Nyali.

Saba: kula

Kama chai ya asubuhi ya gesti ni mkate na yai, ruka. Toka nje. Kuna mama kwenye kona karibu kila mtaa na karai lake. Mtazame anavyofanya: andazi la pembe tatu linaingia kwenye mafuta bapa kama kadi, analimwagia mafuta juu kwa mwiko, linavimba ghafla na kujigeuza lenyewe. Hilo ni hamri, lina iliki na tui la nazi. Linaliwa na mbaazi zilizopikwa kwa nazi, na unalipasua, hulikati. Mawili yanashibisha, matatu ni ujasiri. Fika kabla ya saa tatu, zikiisha zimeisha.

Mchana ni wali wa nazi na samaki wa kupaka, au pilau. Jioni mishkaki na mkate wa mofa. Ikifika usiku tafuta kahawa chungu ya kwenye dele, lile birika la shaba, kikombe kidogo kama kifuniko, na kashata pembeni. Na jioni moja uende Mama Ngina, ile bustani ya kando ya bahari upande wa kusini wa kisiwa, ukale viazi karai na mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu huku meli zikiingia bandarini karibu mno na wewe.

Nane: mchana ufanye nini

Fort Jesus nenda asubuhi, mlango unafunguliwa saa mbili, kabla mawe hayajashika moto. Beba kitambulisho, raia hulipa kidogo kuliko mgeni. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 kwa mchoro wa Mtaliano, Giovanni Battista Cairati. Waomani waliizingira kuanzia 1696 na wakaitwaa 1698, baada ya karibu miaka mitatu ya njaa na maradhi ndani ya kuta. Waingereza waliifanya jela hadi 1958. Tangu 2011 imo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Simama juu ya ukuta utazame Mji wa Kale, ujaribu kuona paa la gesti yako. Utaelewa mpangilio wa vichochoro kuliko ramani ya simu.

Baada ya hapo potea makusudi. Mitaa ya Kibokoni na Kuze, milango ya nakshi, roshani za mbao. Marikiti, soko la Mombasa si lile la Nairobi, kuna viungo vya pilau kwa bei ya watu. Ukitaka kuogelea, panda matatu ya Bamburi ushuke Pirates, ufuo wa umma, urudi jioni. Usiku ukichelewa, tuktuk ikufikishe karibu na mlango kadiri inavyoweza, simu ikiwa mfukoni.

Tisa: kuondoka

Gesti nyingi hutaka chumba saa nne asubuhi. Treni ya alasiri ya kurudi ni saa tisa. Omba uache begi mapokezi na uruhusiwe kuoga mara ya mwisho kwenye bafu la nje. Niliyewahi kumwomba akanikatalia ni mmoja tu. Toka mjini ikifika saa sita na nusu, foleni ya kwenda Miritini haina huruma.

Na mabuyu utakayopelekea watu nyumbani, yafunge mifuko miwili na uyaweke mbali na nguo nyeupe. Ile rangi nyekundu, kwa joto la begi, inatoka.